Nyani Walipewa Ukimwi Gani?

Aliyeniuliza ni mama anayeanika mukene mwaloni Kigungu, hapa Entebbe. Nilikuwa nimesimama pembeni ya wavu wake, karatasi za mradi mkononi, nikimweleza habari za jaribio moja la chanjo ya Ukimwi lililokuwa likitafuta watu wa kujitolea. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshasema maneno yaleyale kwa wavuvi, kwa wauza chai na kwa vijana wa bodaboda: "Chanjo hii imeshajaribiwa kwa nyani, na kwa nyani imefanya kazi." Mama yule hakuinua kichwa. Aliendelea kugeuza dagaa wake kwa kiganja, wale wa chini wakaja juu bado wana unyevu, halafu akasema:

"Dada, hao nyani walipewa Ukimwi wetu huu, au wana wa kwao?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza, kisha nitarudi. Nikaandika swali lake kwenye daftari langu, lile la kurasa 96 ninalotumia kwa hesabu za dukani, na njia nzima ya kurudi Kitoro lilikuwa linanisumbua. Nilikuwa nimewaambia watu zaidi ya mia moja jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa.

Wasionijua: nauza mivumba, yaani mitumba, mashati hasa, na kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye kamati ya jamii inayosimama kati ya watafiti na wananchi. Tunasoma fomu za ridhaa kabla hazijapelekwa kwa watu, tunaonyesha palipo na maneno magumu, na tunabeba maswali ya watu hadi mezani kwa madaktari. Mimi si msomi wa sayansi. Nilizaliwa kambini, baba akiwa askari, na ndiyo sababu naandika blogu hii kwa Kiswahili. Kambini Mwacholi, Mlugbara na Mganda walikutana kwenye lugha hii, na nyumbani kwetu ndiyo iliyobaki.

Na kuna kaka yangu. Alifariki 1990, wakati ugonjwa bado tunauita Silimu. Mwanamuziki Philly Lutaaya alikuwa ameshajitokeza mwaka mmoja nyuma na kuliambia taifa zima kwamba anao, lakini nyumbani kwetu neno lilikuwa bado halitamkwi. Ninachokumbuka zaidi ni mkanda wake wa suruali. Mama aliuwekea msumari motoni hadi ukawa mwekundu, akatoboa tundu jipya, na baada ya wiki kadhaa akatoboa jingine, na jingine tena. Mkanda huo ninao. Matundu matatu ya mama hayako kwenye mstari mmoja na yale ya kiwandani. Nikisikia neno "chanjo", ndio ninaouona.

Basi nilikwenda kwa mzee mmoja jirani, fundi wa maabara mstaafu, anayekaa upande wa Nakiwogo. Nilimsomea swali kama lilivyo. Alinyamaza kwanza, kisha akaanza mbali sana na Ukimwi.

Aliniambia habari za msitu wa Zika, ule unaoupita ukielekea Kampala, karibu na Kisubi. Taasisi yetu ya virusi hapa Entebbe ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na watafiti walikuwa wakiweka kima ndani ya vizimba juu ya miti ya msitu ule ili mbu wawaume, kisha wanaangalia nani ataugua. Kima hao walikuwa rhesus, wenye asili ya Asia. Aprili 1947 mmoja wao, aliyeandikwa namba 766, alipata homa, na kwenye damu yake ndimo kilimopatikana kirusi ambacho dunia nzima sasa inakiita Zika.

Nikamuuliza, kwa nini kuleta kima kutoka Asia na miti ya hapa imejaa tumbili?

"Kwa sababu tumbili wetu haugui," akasema. Homa ya manjano ikimwingia kima wa Afrika, mara nyingi humpitia, anabaki na kinga na maisha yanaendelea. Rhesus ikimwingia, anaanguka. Hajawahi kuishi na kirusi hicho kwa vizazi na vizazi. Kwa hiyo ukitaka kujua ugonjwa upo msituni, unamtumia yule asiyeuzoea. "Na hayo mambo ya Ukimwi wa nyani," akaendelea, "yanakwenda vilevile."

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la mama wa Kigungu. Jibu fupi ni kwamba nyani wana wa kwao. Zaidi ya jamii 40 za nyani, kima na sokwe wa Afrika zina virusi vyao viitwavyo SIV, ndugu wa VVU. VVU vinavyotuua sisi vilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni. Tumbili wa Afrika wanavyo vyao pia, na ukipima damu ya tumbili aliyeambukizwa unaweza kukuta virusi tele, lakini yeye anakula, anazaa, anazeeka. Mwili wake hushtuka siku za mwanzo, kisha hutulia. Mwili wa rhesus hautulii. Kinga yake hubaki imewaka kila siku, seli zinakwisha, na mwishowe anakufa na magonjwa nyemelezi kama kaka yangu. Katikati ya miaka ya 1980, katika vituo vya utafiti vya Marekani, rhesus waligunduliwa wakifa hivyo kwa SIV iliyotokana na mangabey, aina nyingine ya kima, wa Afrika Magharibi waliokuwa wakifugwa katika vituo hivyo. Mangabey wenyewe hawakuwa wagonjwa.

Nilikaa siku kadhaa na jambo hilo. Pale bustani ya mimea Entebbe tumbili hushuka hadi mezani. Jumapili moja alinijia mmoja na mtoto kifuani, akachukua ndizi kwenye mfuko wangu kwa vidole vyeusi vyembamba, akaimenya vizuri kabisa, huku mtoto ananiangalia. Siwezi kujua kama yule alikuwa na kirusi chochote. Nilimwangalia kwa muda mrefu hata hivyo, nikimfikiria kaka.

Jibu refu ndilo lililonifanya niandike leo. Nyani wa majaribio haya mara nyingi ni rhesus, na ukimdunga rhesus VVU vyetu, havimshiki. Ndani ya seli zake kuna protini, TRIM5, inayolidaka ganda la ndani la kirusi chetu kabla hakijaanza kazi. Kwa hiyo watafiti wana njia mbili. Ama wampe SIV, ambayo ni ugonjwa wa kweli lakini si wetu. Ama watengeneze kirusi mseto, SHIV, ambacho kwa ndani ni SIV na kwa nje kimevaa ganda la VVU. Kila unaposikia "imefanya kazi kwa nyani", nyuma yake kuna mtu aliyechagua mojawapo kati ya hivyo, tena akachagua aina yake, akachagua kiasi, akachagua njia ya kukiingiza. Mama yule, mikono yake imejaa magamba ya samaki, aliuliza kitu ambacho nilipaswa kukiuliza mimi siku ya kwanza ya semina.

Na yapo yaliyotokea kwa sababu uchaguzi huo haukuangaliwa vizuri. Hili la 1991 nalipenda sana, labda kwa sababu ya biashara yangu. Siku zile kima waliochanjwa kwa SIV iliyouawa walikuwa wakikingwa vizuri mno, na matumaini yalikuwa makubwa. Kisha kundi la Uingereza lililoongozwa na Jim Stott lilifanya kitu ambacho wengine hawakukifanya: baadhi ya kima halikuwapa chanjo, liliwapa seli tupu za binadamu, zile zinazotumika kukuzia virusi, bila kirusi ndani. Baadhi ya kima hao nao walikingwa.

Inawezekanaje? Kirusi kikitoka kwenye seli hujifunika kwa utando wa seli ile. Ni kama mtu anayetoka nyumba ya watu akiwa amevaa shati la mwenye nyumba. Virusi vya chanjo vilikuzwa kwenye seli za binadamu, na virusi vya kuwajaribia kima navyo vilikuzwa kwenye seli za binadamu. Mwili wa kima ukajifunza kulikamata shati. Ulitengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazokamata wageni, dhidi ya utando wa binadamu, na chochote kilichokuja kimevaa utando huo kikadakwa mlangoni. Virusi vya majaribio vilipokuzwa kwenye seli za kima, shati likabadilika, na kinga ikatoweka.

Kingamwili zilikuwepo. Zilipimika. Kima walikuwa salama. Na bado hakuna aliyekuwa amejua chochote kuhusu jinsi ya kumkinga mwanadamu. Nilipomaliza kuelezwa hayo nilikaa kimya, kwa sababu mimi nilikuwa nawaambia watu "damu ya nyani ilionyesha kingamwili" kana kwamba hapo ndipo mwisho wa maneno.

Yakafuata mengine. Mwaka 2007 jaribio kubwa la chanjo kwa watu, lililoitwa STEP, lilisimamishwa. Chanjo ile kwa kima ilikuwa imeushusha ugonjwa vizuri, ila walikuwa wamejaribiwa kwa SHIV moja iitwayo 89.6P, ambayo inaua seli kwa kasi ya kutisha lakini ni rahisi kuzuiwa na chanjo. Walipowekewa SIV ngumu zaidi, chanjo za namna ile zilisaidia kidogo tu. Kwa watu haikuzuia kitu.

Mwaka 2018 kundi la mtafiti wa Marekani, Dan Barouch, lilichapisha matokeo yaliyotufikia hata sisi huku: kima 72, chanjo yenye vipande vya virusi vya sehemu mbalimbali za dunia, na theluthi mbili ya waliopewa mchanganyiko bora hawakuambukizwa hata baada ya kupewa SHIV mara sita. Watu waliochanjwa kwa chanjo hizo nao walionyesha kingamwili na seli T, yaani seli za kinga, zilizofanana na za kima. Mimi niliamini. Nadhani yeyote aliyepoteza mtu angeamini. Chanjo hiyo ikaingia katika jaribio la Imbokodo, wanawake wapatao 2,600 katika nchi tano za kusini mwa Afrika, na Agosti 2021 tukaambiwa kinga ilikuwa asilimia 25 tu, kiwango ambacho hakitofautishwi na bahati. Desemba 2023 ikawa zamu ya karibu na nyumbani: PrEPVacc, jaribio lililoongozwa na Profesa Pontiano Kaleebu wetu, lenye washiriki zaidi ya 1,500 wa Masaka, Dar es Salaam, Mbeya na Durban, lilisimamisha sindano za chanjo kwa sababu hapakuwa na dalili kwamba zingefaulu.

Siku ile nilifunga duka mapema.

Naomba nieleweke hapa, maana najua kuna watakaochukua maandishi haya na kusema "mnaona, kima ni uongo". Si uongo. Bila kima tusingejua mambo ambayo kwa binadamu hayafanyiki. Chukua seli T za CD8, zile zinazotafuta seli zilizoambukizwa na kuziua. Mwaka 1999 watafiti waliziondoa seli hizo kwenye damu ya rhesus wenye SIV, na virusi vikapanda mara moja. Seli ziliporudi, virusi vikashuka. Hakuna mama wa Uganda ambaye ungeweza kumwondolea kinga yake ili uone kitakachotokea. Chukua tena chanjo ya SIV hai iliyodhoofishwa, ambayo kwa kima wakubwa ilikinga vizuri kuliko zote. Mwaka 1995 Ruth Ruprecht na wenzake walionyesha kuwa kirusi cha namna hiyo kiliwaua vichanga wa rhesus kwa Ukimwi. Fikiria kama ingeletwa moja kwa moja kwa watoto wetu. Kima wale wachanga walikufa, na kwa kufa kwao mlango ule ukafungwa.

Nami nawafikiria. Hawakuweka saini fomu yoyote. Washiriki wetu huulizwa maswali kabla ya kukubaliwa, na mtu akishindwa kueleza jaribio linahusu nini anarudishwa akafundishwe tena. Mtu anaweza kusema "nimechoka" na kwenda zake bila kudaiwa. Kima hana hiyo nafasi. Kama amekufa kwa ajili ya jibu, basi jibu lake lipelekwe kwa watu lilivyo, lisinyooshwe na kufanywa zuri kuliko alivyolitoa. Hilo ndilo lililonikera kwenye maneno niliyofundishwa kuyasema. Aliyetufundisha semina ile hakuwa mtu mbaya, alitaka watu wajitokeze. Lakini alikata jibu katikati, na mimi nikaibeba nusu ile hadi Kigungu.

Niliporudi mwaloni, mama alikuwa palepale. Safari hii nilivua viatu nikakaa mchangani, kwa sababu maneno yalikuwa mengi. Nikamweleza: wana wa kwao, na huo mwingine ni mseto. Nikamweleza shati. Alicheka kwa shati, kisha akaacha kucheka alipoelewa. Nikamweleza kwamba kingamwili ni aina nyingi: nyingine zinakishika kirusi lakini hazikizuii kuingia, na zile zinazokizuia kweli ndizo ngumu kuzifundisha mwili kuzitengeneza, kwa sababu ganda la VVU limejaa sukari juu yake na linabadilika kila siku.

Na nikamweleza habari za Oregon, Marekani, maana sikutaka nimwachie majonzi matupu. Huko Louis Picker na wenzake walitumia kirusi kingine, cha jamii ya CMV, ambacho kima huishi nacho maisha yote, wakakibebesha vipande vya SIV. Chanjo hiyo haizuii maambukizi. SIV inaingia, inashika, inaonekana kwenye damu. Halafu kwa karibu nusu ya kima, seli T zilizokuwa zimekaa tayari wakati wote zinaifuata hadi zinaifuta. Mwaka 2013 walionyesha kwamba baada ya muda hawakuipata tena hata walipotafuta ndani ya viungo. Kwa nusu ya pili, hakuna kitu; waliugua kama wasiochanjwa.

Watu wengine siku hizi huniambia hakuna haja ya chanjo tena, sindano ya lenacapavir ya kuzuia maambukizi ipo. Nakubali kwamba ni jambo kubwa mno. Katika utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Afrika Kusini na hapa Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa sindano hiyo hawakuambukizwa hata mmoja. Nilipoisoma habari hiyo mwaka 2024 nilitoa machozi. Lakini ni dawa, na kila miezi sita lazima mtu arudi, na kila miezi sita lazima iwe imefika. Mwaloni watu huhama na samaki. Mtu unayemkuta Kigungu Januari, Julai yuko kisiwani Kalangala.

Mama alisikiliza yote. Hakujiunga na jaribio, aliniambia wazi kwamba bado anafikiri, na mimi nikamwambia hiyo ni haki yake na karatasi yangu haina haraka. Akakaa kidogo akiangalia ziwa. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa visiwa, na wanawake wengine walikuwa wameshaanza kukusanya dagaa wao.

"Hao nusu waliopona," akasema, "ni wa tumbo moja? Walikuwa na nini ambacho wenzao hawakuwa nacho?"

Nikatoa daftari nikaandika, matone ya kwanza yakidondokea kwenye karatasi. Kisha nikashika upande mmoja wa wavu, yeye akashika wa pili, tukaukunja mukene wakiwa ndani kabla mvua haijatufikia.